Inua Kwanza

Mtaa mzima ulimwita Konokono, na jina lenyewe hakulichukia. Konokono hutembea na nyumba yake mgongoni, na yeye alikuwa na lori kuukuu ambalo juu yake alijenga chumba cha mbao na mabati: kitanda upande wa kushoto, jiko la gesi upande wa kulia, dirisha lenye pazia, na kabati la vyombo lililofungwa kwa ndoano ili sahani zisije zikamwagika kwenye kona. Alilijenga mwenyewe mwaka aliostaafu. Ukimwuliza ni fundi gani aliyemsaidia, alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake.

Maana mzee huyu, jamani, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na dawa yake haijapatikana: hakuweza kuomba msaada. Kamba ya viatu ikimkatikia, afadhali atembee pekupeku kuliko kumwuliza jirani kama ana kamba. Miaka thelathini na mmoja aliendesha malori ya kampuni ya kujenga barabara, analala kwenye kiti, anajipikia, anajitibu malaria, huku mkewe nyumbani akilea pacha wao wawili na kuwaonyesha picha ukutani: "Huyu ndiye baba yenu, msije mkamkimbia akirudi."

Kwa hiyo alipostaafu alimwambia, "Mama Pacha, sasa zamu yako. Kila nilikopita bila wewe, tutapita wote."

Na kweli walipita. Miaka mitano mizima. Mama Pacha alikaa mbele, miguu juu ya dashibodi, mdomo haupumziki. "Kumbe ulikuwa unaona vyote hivi, Baba Pacha, halafu unarudi nyumbani unaniambia barabarani ni vumbi tu? Mwongo mkubwa we!" Naye alicheka hadi usukani ukayumba. Hakuna wakati mwingine wowote maishani mwake alipowahi kuwa na furaha kama ile, na alilijua hilo wakati ule ule.

Kisha kiharusi kikampata Mama Pacha, asubuhi moja, kikombe cha chai kikiwa mkononi mwake. Kilichukua mkono wa kushoto, mguu wa kushoto na nusu ya uso. Maneno yalibaki, ila sasa yalitoka polepole, moja moja. Hakuweza tena kukaa wima zaidi ya nusu saa. Nyumba waliyopanga ilikuwa na ngazi nyingi, na pacha walikuwa mbali na maisha yao, kwa hiyo wakahamia moja kwa moja ndani ya lori, likaegeshwa kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Mara moja kwa mwezi Konokono alilitoa taratibu, akampeleka mkewe hospitali kwenye mazoezi, akamrudisha. Barabara yote ilikuwa tambarare.

Gari lisilotembea linahitaji matunzo kuliko linalotembea, na hapo ndipo huyu bwana alipokuwa mfalme. Alikuwa na daftari la jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza aliandika: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kurasa zilizofuata alichora lori lote kwa chini, kuanzia chesi, springi na shafti hadi viungo vya usukani, na akatia namba kwenye kila nipeli, vile vinundu vidogo vya chuma ambako unabana bomba na kusukuma girisi iingie. Zilikuwa kumi na tisa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alitandika katoni, akajilaza chini, akafuta kila nipeli kwa kitambaa ili asisukumie mchanga ndani, akabana bomba, akasukuma. Girisi mpya ikitokeza pembeni, akafuta, akatia tiki kwenye daftari, akasogea kwenye namba inayofuata.

Juu yake, kwenye sakafu, Mama Pacha alikuwa na kijiko. Akigonga mara moja, anataka maji. Akigonga mara mbili, anataka mtu wa kumpigia soga. Konokono alijibu kwa spana, kutoka chini, na wapita njia walicheka kusikia lori likizungumza peke yake.

Namba moja na namba mbili zilikuwa za kingipini, zile pini nene mbili zinazoshikilia magurudumu ya mbele na kuyaruhusu yageuke. Pini hizo zina tabia yake. Gari likiwa limekaa chini, uzito wote wa mbele huibana pini upande mmoja, na girisi unayosukuma haipati njia hapo. Hukimbilia upande uliolegea, ikatokeza nje imenona, ikakudanganya kuwa kazi imekwisha. Dawa yake ni kuweka jeki, kuinua ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya mbele, mpaka gurudumu lielee, ndipo usukume. Konokono alijua. Mbele ya namba moja na namba mbili alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa: INUA KWANZA.

Na ile miaka mitano ya raha aliinua kila mwezi.

Alipoacha ni miezi minne baada ya kiharusi. Siku hiyo alikuwa na haraka, akaweka jeki chini ya chesi, ile fremu inayobeba nyumba yote, badala ya ekseli, akapandisha kwa pupa. Nyumba ililala upande. Akasikia juu yake kishindo kizito, kisha kimya, kisha sauti ambayo hajaisahau. Mama Pacha alikuwa ameteleza kitandani, akaanguka kati ya kitanda na jiko, mkono mgonjwa chini ya mwili. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na Konokono alikuwa na miaka sitini na saba. Watu wengine wangetoka nje na kupiga kelele, "Jamani, nisaidieni!" Yeye alifunga mlango. Alihangaika naye peke yake saa nzima, anavuta, anapumzika, anavuta tena, wote wawili wanalia. Alipomfikisha kitandani, mkewe akasema: "Usi-ni-inue tena. Niahidi."

Akaahidi. Miezi iliyofuata alijiambia kwamba girisi ikitoka basi imeingia, na tiki akaendelea kuitia mahali pale pale, mbele ya yale maneno mawili.

Miaka sita ikapita hivyo. Usukani ulianza kuwa mzito, akasema ni mikono inazeeka.

Halafu simu ikalia. Alikuwa mpwa wa Mama Pacha, binti wa dada yake. "Mama mdogo," alisema, "mama anakuulizia kila akiamka. Daktari ametuambia tujiandae." Dada huyu ndiye aliyemlea Mama Pacha tangu mama yao alipofariki, ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa kijiti kwenye vumbi. Walikuwa hawajaonana tangu kiharusi, kwa sababu safari ilikuwa ya siku mbili.

Mama Pacha alilaza simu kifuani. "Nipeleke," alisema. "Nimwone. Akiwa bado. Ananijua."

"Nitakufikisha," Konokono alisema. "Haki ya Mungu, nitakufikisha."

Alijipa siku nne. Alimwaga oili, akatia mpya, akabadilisha filta. Akakagua maji ya breki, akakaza mikanda ya injini, akapima upepo wa matairi, akasugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa. Mama Pacha naye, kwa mkono mmoja, alikuwa anamalizia kutarizi foronya ya kumpa dada, aliyoianza mwaka mzima nyuma, kitambaa amekibana kwa goti, maua mekundu yaliyokwenda upandeupande. "Dada atanicheka," alisema. "Atasema, ndivyo nilivyo-kufundisha?" Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kutania.

Siku ya nne ilikuwa ya girisi. Langoni mwa kiwanja kulikuwa na kibanda cha fundi cherehani, mama wa makamo ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Aliona Konokono anaitoa jeki, anaitazama, anairudisha. Akaitoa tena. Akairudisha. Mara ya tatu, yule mama akainuka na futi yake shingoni.

"Wewe Konokono, hiyo jeki unaichumbia?"

"Niache niendelee na kazi zangu, mama, na wewe na zako."

"Kama unaogopa mama ataanguka, sema. Mimi naingia, namshika, wewe unainua. Dakika kumi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sina chawa," alisema Konokono.

"Mzee wangu, mnakwenda milimani."

"Girisi inaingia vizuri tu. Tazama inavyotokeza." Akabana bomba kwenye namba moja, akasukuma, na kweli ikatokeza, nyeusi kisha ya manjano.

Fundi cherehani aliinama, akatazama. "Mimi ni mtu wa nyuzi, girisi siijui. Ila hata cherehani ikipitisha uzi wa juu peke yake, unaona mshono, ukivuta unafumuka wote." Akainuka. "Haya. Mkubwa hakosei." Akarudi kibandani.

Konokono alibaki amelala chini na kalamu mkononi. Angeweza kumwita. Hakuwa amefika hata hatua kumi. Juu, kijiko kiligonga mara mbili, na yeye akajibu kwa spana. Kisha akatia tiki.

Siku ya kwanza ya safari ilikwenda vizuri. Mama Pacha alilazwa mito pande zote, dirisha wazi, akitangaza mambo anayoyaona kwa sauti yake ya polepole, kupitia kidirisha cha nyuma ya kiti cha dereva: "Ng'ombe. Shule. Mtu. Ana suti. Anaendesha baiskeli." Usukani ulikuwa mzito kuliko siku zote, Konokono akaubembeleza. Usiku walilala kituo cha mafuta. Mpwa alipiga: dada yu macho, ameambiwa, amecheka.

Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, mlima ukaanza. Kona ya kwanza alilazimika kusimama kidogo kwenye kiti ili augeuze usukani. Kona ya tatu ulikataa. Akauvuta kwa mwili mzima, na chini kushoto kukatoka mlio mmoja mfupi, mkavu. Gurudumu la mbele likalala kwa ndani, kama mguu ulioteguka. Lori likajiburuta mita chache, likasimama ukingoni.

Kijiko kiligonga mara mbili.

"Tumefika?" Mama Pacha aliuliza.

"Bado kidogo," alisema. Akavuta breki ya mkono, akashuka kutazama.

Dereva mmoja aliyekuwa anashuka alipeleka habari kwenye kijiji cha njia panda, na alasiri akaja fundi, mwanamume mwembamba ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi. Konokono hakumwita, alikuja tu, na safari hii mzee hakuwa na nguvu ya kumfukuza. Mtu huyu, tumwite Miwani, alijilaza chini, akakwangua pini pande zote kwa bisibisi.

"Mzee, hili gari linatunzwa," alisema hatimaye. "Sijaona chesi safi hivi. Ila pini hii upande mmoja ina girisi ya kupaka mkate, upande wa pili ni kutu tupu. Imekauka, ikang'ang'ania, ikapasuka." Akatoa kichwa. "Ulikuwa unainua ukiitia girisi?"

Konokono alitazama dirisha lenye pazia. Lilikuwa wazi.

"Chuma kimechoka," alisema. "Ni cha zamani."

Miwani alikuwa mtu mwenye adabu. Alijipangusa mikono, akasema pini na bushi zake, zile pete za shaba zinazoizunguka, hazipatikani ila mjini, atadandia lori, atarudi keshokutwa. Kuhusu pikapu ya kumwahisha mama alisema anaweza kuulizia, ila Konokono alitikisa kichwa: bado ilikuwa siku nzima ya mashimo, na mtu asiyeweza kukaa nusu saa utamlaza wapi kwenye pikapu?

Jioni ile Konokono aliketi ngazini na daftari. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Tiki zote zilikuwepo. Miezi sabini na kitu, hakuna hata mmoja aliokosa, mstari kwa mstari, kwa kalamu ya bluu. Alitamani walau moja iwe haipo, apate mahali pa kuishikia hasira yake.

Kesho yake mchana simu ikalia. Mpwa hakuhitaji kusema. Alianza kulia kabla ya salamu. Dada alikuwa ameondoka alfajiri. Alikuwa ameomba asogezwe dirishani tangu jana, ili alione lori likija. Wangezika siku hiyo hiyo jioni, kwa sababu ndugu wengine wote waliotoka mbali walikuwa wameshafika.

Mama Pacha alilia bila sauti. Uso wake ulilia upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa umesahau. Konokono alipiga magoti kando ya kitanda, hakujua ashike wapi.

Kisha mkewe akasema, "Lete daftari."

"Mama Pacha, pumzika."

"Lete. Nisomee namba moja."

Alisikia yote, basi. Dirisha lilikuwa wazi. Konokono alifungua, akasoma kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Kingipini kushoto. Inua kwanza."

"Uliinua?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanguka." Akafunga daftari. "Nilikuahidi."

Mama Pacha alitazama dari. Maneno yalikuwa yanamjia kutoka mbali na ilimbidi ayangoje. "Nilisema. Nimetoka tu sakafuni. Nimeumia," alisema. "Mtu akiumia. Husema mengi. Miaka sita, Baba Pacha. Hukuniuliza. Tena."

Kweli, hakumwuliza tena. Hakumwuliza yeye, hakumwuliza fundi cherehani, hakumwuliza mtu yeyote. Alikuwa ameona kwamba kuuliza ni kumsumbua mtu, na kwamba mapenzi ni kunyamaza na kufanya kazi. Sasa hata angetaka kuomba msamaha, aliyestahili kuombwa zaidi alikuwa anachimbiwa kaburi kwa mwendo wa siku moja kutoka pale.

Jioni ilipofika, saa ile ya maziko, Mama Pacha alichukua foronya yenye maua ya upandeupande, akaivuta kwa mkono na meno mpaka ikauvika mto wake mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Akalala juu yake, uso ukutani.

Miwani alirudi kesho yake, kama alivyoahidi, na mfuko wa pini na bushi begani. Alipoambiwa kilichotokea alivua kofia, akasema pole kwa kila mmoja wao, kisha akasimama akiona haya kutaja kazi.

"Mzee," alisema, "sasa lazima niinue."

Konokono alifungua mdomo kusema kwamba atafanya mwenyewe. Mazoea ni mabaya sana. Miwani alimwahi.

"Wewe panda juu, ukae na mama. Umshike. Huku chini niachie mimi."

Akapanda. Alikaa kitandani nyuma ya mkewe, mgongo wake ukutani, akamzungushia mikono yote miwili, kidevu juu ya bega lake. Mama Pacha alikuwa amekaza mwili mzima. Mkono wake wa kulia ulimshika mumewe kwenye kifundo cha mkono, kucha zikazama. Chini, jeki ilianza kulia, kri, kri, kri. Sakafu ikainama kidogo. Kikombe cha plastiki mezani kiliteleza kiasi cha vidole viwili, kikagusa ukingo, kikatulia.

"Tayari!" Miwani alipaza sauti. "Gurudumu linaelea. Mama yuko salama?"

Konokono alimkaza zaidi mikononi. Mama Pacha alikuwa bado amejikaza, anangoja sehemu mbaya ije. Alikitazama kikombe. Akatazama dirisha, ambalo halikuwa limepinda kitu. Vidole vyake vilianza kulegea, kimoja kimoja.

"Imekwisha?" aliuliza.

"Imekwisha."

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu," alisema Konokono.

Chini Miwani alianza kuigonga pini ya zamani itoke, na kila pigo la nyundo lilipanda sakafuni hadi kitandani. Mama Pacha alilaza kichwa nyuma, kwenye kifua cha mumewe, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu simu ile, na yeye akaendelea kumshika.